Bujora na mtoto mchanga: nenda tu dada, ila fuata ratiba yake

Dada uliyeuliza kama unaweza kumpeleka mtoto wa miezi saba makumbusho ya Wasukuma pale Bujora au usubiri akue, mi nakujibu kama mama wa hapahapa Mwanza niliyeenda na wangu akiwa hajaanza hata kutambaa: usisubiri. Wengi waliokujibu kabla yangu wamekwambia atasumbua na hataelewa kitu, lakini naona wanafikiria yale majengo ya kuingia kimyakimya mlango ukafungwa nyuma yako. Bujora siyo hivyo jamani, ni kilimani kwenye mawe na miti, nyumba zimekaa mojamoja, ukitoka hii unapigwa upepo kwanza kabla ya kuingia ile, mtoto akilia unatoka nje unambembeleza chini ya mti mpaka anatulia, hakuna wa kukukodolea macho.

Usafiri ni rahisi. Bujora iko Kisesa, barabara ya Musoma, daladala inapita Buzuruga, Nyakato, Igoma mpaka unafika, halafu pale senta chukua bajaji. Bodaboda na mtoto mgongoni mi hapana kabisa, hata wakikwambia ni hapo tu.

Kigari cha mtoto kiache nyumbani, kwenye mawe yale utakibeba wewe badala ya kukusaidia. Chukua mbeleko, na hapa naomba unisikilize vizuri: ukifika kwenye nyumba ya msonge mhamishie mtoto mbele, maana mlango ni mfupi, unainama kuingia, na mama ukiinama unakumbuka kichwa chako unasahau kile cha mgongoni. Kofia ya mtoto, maji yako ya kunywa (unayenyonyesha kiu inakuja ghafla), uji wake kwenye chupa ya chai kama ameshaanza kula, na mfuko wa kurudishia pampasi chafu nyumbani. Nenda asubuhi, saa tatu hivi, kabla jua halijawa kali. Akisinzia usimwamshe ili aone, kaa kivulini umnyonyeshe, alale, wewe angalia miti na sikiliza ndege, hiyo nayo ni sehemu ya matembezi.

Sasa vyungu. Watu wakiitaja Bujora wanataja ngoma za watemi na lile banda lenye umbo la kiti cha mtemi, na ni kweli vinastahili, Padre David Clement, yule mmisionari Mkanada wa shirika la White Fathers, alifanya kazi kubwa kukusanya na kutunza vitu vya Wasukuma kuanzia miaka ya 1950. Lakini ukiwa na mtoto, nenda taratibu kwenye vyombo vya nyumbani, vyungu, mitungi, vibuyu, jiwe la kusagia. Mtoto wa umri ule anapenda kitu cha mviringo chenye mdomo mweusi, wangu alikodoa macho kwenye mdomo wa mtungi mpaka akaacha kunyonya kidole. Nikamwomba mwongozaji ruhusa, akakubali, nikaushika mkono wa mtoto nikaugusisha ubavuni mwa mtungi. Akatulia. Akaanza kukisugua kiganja chake pole pole juu ya udongo, ule mkwaruzo anausikia kwa mara ya kwanza maishani. Mzee mmoja aliyekuwa hapo akamwambia "mwangaluka mayu", salamu ya asubuhi kama anayopewa mtu mzima, nikajisikia raha sana.

Na hapo ndipo unapomkumbuka aliyeufinyanga. Bibi yangu mzaa mama naye alikuwa anafinyanga, mtoto mgongoni, udongo anauchanganya na vigae vilivyopondwa ili chungu kisipasuke motoni, anaviringisha kama kamba anapandisha duara juu ya duara, analainisha kwa kipande cha kibuyu, anaanika kivulini siku kadhaa ndipo anachoma kwa nyasi na kuni pale nje. Mtungi unapoozesha maji kwa sababu yanapenya kidogokidogo kwenye udongo na kukauka kwa nje, ndiyo maana ukiushika una unyevu. Ufundi huu kandokando ya ziwa ni wa zamani mno, vile vyungu vya Urewe ambavyo wachimbaji wa mambo ya kale wamevikuta Kagera, Rwanda mpaka Siaya kule Kenya, vyenye kibonyeo kitakoni, vya zamani zaidi vina zaidi ya miaka 2,000. Mi naona mtoto wa Kanda ya Ziwa ana haki ya kuugusa huo udongo mapema, hata kama hatakumbuka, mama yake atakumbuka na atamsimulia.

Jambo la mwisho ni ngoma. Wakati wa Bulabo, ile sherehe ya ngoma za Wasukuma baada ya sikukuu ya Ekaristi, mwezi wa sita hivi, Bagika na Bagalu, makundi mawili ya wachezaji, wanashindana kucheza na watu wanajaa kwelikweli. Ni shangwe nzuri mno ila kwa masikio ya mtoto wa miezi saba ngoma zile ni kubwa, ukienda kaa mbali, tena upande wenye kivuli. Kwa safari ya kwanza chagua siku ya kawaida katikati ya wiki, utapata mwongozaji mwenye nafasi ya kukusubiri unyonyeshe ndipo aendelee na maelezo.