Okestra ya Kinshasa na kwaya yake: majibu kwa wasomaji

Tangu niitaje hapa Okestra ya Simfoni ya Kimbangu, ya Kinshasa, maswali yamekuwa mengi. Nayajibu machache.

Aliyeianzisha alisomea muziki wapi?

Hakupita chuo chochote cha muziki. Armand Diangienda alikuwa rubani, akapoteza kazi. Baba yake, Joseph Diangienda, aliongoza Kanisa la Kimbangu mpaka alipofariki mwaka 1992, na alitamani sana kanisa liwe na okestra. Mwaka 1994 mwana akaanza kuitimiza tamaa hiyo.

Ala walizipata wapi?

Mwanzoni zilikuwa fidla chache kuliko wapigaji, basi wakawa wanapokezana: mmoja anapiga, wenzake wanasubiri zamu. Uzi ukikatika, walifunga waya wa breki za baiskeli. Noti walizinakili kwa mkono, ukurasa kwa ukurasa, kwa kila mpigaji. Na mwenzao mmoja alijifunza mwenyewe kuunda zile besi kubwa za mbao. Mimi hapo ndipo ninapovua kofia. Fidla mtu anaweza kupewa msaada, lakini kukesha unanakili simfoni nzima ni mapenzi.

Wanalipwa?

Wengi wamekuwa watu wa kujitolea. Mchana wako sokoni au gereji, jioni mazoezini. Umeme ukikatika, wanaendelea gizani.

Kwaya ililetwa baadaye ili kuipamba okestra?

Sioni hivyo. Katika kanisa lile kuimba kulitangulia. Kwaya, bendi za matarumbeta na vikundi vya filimbi vilikuwepo miaka mingi kabla ya fidla. Ndiyo maana waliweza kuithubutu Simfoni ya Tisa ya Beethoven, mtunzi Mjerumani, iliyopigwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1824, ambayo sehemu yake ya mwisho haiwezekani bila kwaya. Wanaiimba kwa Kijerumani kilekile, sauti zote nne. Aliyewahi kufundisha kwaya ya kanisa anajua ilivyo kazi kushika maneno ya lugha usiyoisema.

Sisi wa Lubumbashi tunahusikaje na habari za Kinshasa?

Mnahusika sana. Simon Kimbangu, babu yake Armand, ambaye kanisa lina jina lake, alihubiri miezi michache tu ya mwaka 1921, kisha Wabelgiji, waliotawala Kongo wakati huo, wakamhukumu kifo. Adhabu ikageuzwa kifungo cha maisha, akapelekwa kwenu, wakati huo mji ukiitwa Elisabethville. Alikaa gerezani miaka 30, akafia humo tarehe 12 Oktoba 1951.