Maswali na majibu: Malaria, damu na kabila

Swali: Sisi wa Kibosho, mlimani Kilimanjaro, tukishuka bondeni Kahe au Mabogini kwenye mpunga, wiki mbili haziishi tumeshaumwa malaria, wenyeji wanadunda tu. Damu ya Kichaga ni dhaifu?

Jibu: Hapana, ni mwinuko. Huko juu baridi humchelewesha kimelea kukomaa ndani ya mbu, na mbu wengi hufa kabla hawajaweza kuambukiza. Mtoto wa mlimani hukua bila kuzoea malaria. Wa bondeni huugua mara nyingi utotoni mpaka mwili ukajifunza. Kinga hiyo hufifia. Mzaliwa wa Kahe aliyekaa Arusha mjini miaka kadhaa, akirudi nyumbani alale kwenye chandarua kama mgeni.

Swali: Nimepimwa nina AS (nimerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu), nikaambiwa nina kinga ya malaria. Chandarua cha nini tena?

Jibu: Cha kukuzuia usiumwe! AS hupunguza malaria kali kwa takriban asilimia 90, lakini homa ya kawaida bado utaipata. Chembe nyekundu iliyovamiwa hujikunja kama mundu, bandama ikaiondoa kimelea kikiwa bado kichanga. Mwenye SS (aliyerithi kwa wazazi wote wawili, yaani mgonjwa wa selimundu) hana bahati hiyo: kwake malaria ni hatari kubwa, asikawie nyumbani.

Hakikisha pia ulipimwa kwa njia gani. Kile kipimo cha kuchanganya tone la damu na dawa kwenye kioo, kisha kutazama chembe zikijikunja, hakitofautishi AS na SS. Kwa mtoto wa chini ya miezi 6 kinaweza kusema hana kitu, kwa sababu bado ana himoglobini (protini nyekundu ya damu) ya tangu tumboni mwa mama. Aliyeongezewa damu asubiri miezi 3 hadi 4, la sivyo mtapima damu ya mchangiaji. Omba elektroforesisi ya himoglobini, kipimo kinachotenganisha aina zake, na mwenzi wako apime pia: mkiwa AS wote wawili, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto mwenye SS.

Swali: Eti Wafulani, wale wafugaji wa Afrika Magharibi, hawaugui sana malaria. Je, Wamasai, maana nao ni wafugaji?

Jibu: Ng'ombe hawahusiki. Burkina Faso, Wafulani na majirani zao Wamossi waliochunguzwa wanaishi eneo moja, wanaumwa na mbu walewale, lakini Wafulani walikutwa na vimelea wachache, homa chache na kingamwili nyingi zaidi. La kushangaza, selimundu kwao ni adimu kuliko kwa majirani zao, kwa hiyo siri iko kwenye mfumo wa kinga wenyewe. Kuwavisha Wamasai matokeo hayo ni kubahatisha. Anayelala mjini Mto wa Mbu bila chandarua ataugua tu.

Swali: Naweza kupimwa hospitali alama za kurithi za kinga ya malaria?

Jibu: Usipoteze hela. Alama ya HLA-B53, aina mojawapo ya jeni za mfumo wa kinga, ilihusishwa na kinga dhidi ya malaria kali kwa watoto wa Gambia mwaka 1991, lakini ukiwa nayo au huna, matibabu ni yaleyale. Kundi la damu O nalo hupunguza ukali, halizuii kuugua.

Swali: Nimemaliza dawa mseto ya malaria (ALu), baada ya siku 10 kipimo cha haraka bado chanya. Damu yangu inakataa dawa?

Jibu: Kipimo hicho hunusa protini ya kimelea, nayo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa hata vimelea wakishakufa. Kama homa imerudi, pima kwa darubini. Kumbuka pia ulivyomeza: dozi ya pili saa 8 baada ya ya kwanza, ya tatu saa 24 baada ya ya kwanza, kisha kila baada ya saa 12 hadi zitimie dozi 6, pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa. Ukimeza kwa chai ya rangi, dawa hainyonywi vizuri.