BMX ya kurukia: rimu isikunjike tena

SWALI: Naishi Majengo, Moshi. Mdogo wangu wa miaka 14 anaruka na baiskeli kwenye matuta ya udongo, na ameshakunja rimu mbili. Nimtafutie BMX gani ya mtumba, imara lakini yenye raha?

JIBU: Dada, kabla ya rangi tazama fremu. Maandishi ya 4130 kwenye bomba la kiti ni kromoli, chuma chepesi kisichopinda ovyo. Futa vumbi pale bomba la chini linapoungana na shingo, kisha pitisha ukucha. Rangi ikiwa imekunjamana au ina mstari mwembamba, fremu imeshapinda au inapasuka. Muuzaji atakuambia ni rangi tu, wewe iache.

Rimu hukunjika hasa kwa spoki zilizolegea na tairi lisilo na upepo wa kutosha, mtoto akitua upande. Chagua spoki 36 kwa kila gurudumu, rimu ya kuta mbili na ekseli ya nyuma ya milimita 14. Ya 10 hupinda mapema. Bana spoki mbilimbili kwa vidole: zote zikaze sawa. Baada ya wiki ya kwanza, fundi azikaze tena. Tairi la inchi 2.1 hadi 2.3, upepo psi 40 hadi 60 (psi ni kipimo kilichoandikwa kwenye pampu).

Raha iko kwenye urefu: bomba la juu la inchi 20 hadi 20.5 linamtosha akiwa chini ya sentimita 165. Pedali za plastiki zinatosha, na haziumizi sana ugoko.