Binti tuliyempokea halali, na mimi silali tena

Barua

Mama, nakusalimia sana kutoka Katoyi, hapa Goma. Nakuomba usitaje jina langu.

Mwanzoni mwa mwaka 2025, kambi ya Lushagala, ya waliokimbia vita, ilipovunjwa na watu wakaambiwa warudi kwao, mama mmoja wa kanisani alituletea binti wa miaka 16. Alisema ni wa siku mbili tatu tu, mpaka apatikane mtu wa ukoo wake. Hakuna aliyekuja. Binti alisema ametoka Kitshanga na wazazi wake wamekufa. Tukampa chumba kidogo cha nyuma, kile tulichokuwa tunawekea makaa.

Mchana sina la kumlaumu. Anateka maji, anaponda sombe, na mtoto wangu wa mwisho, msichana wa miaka 4, hataki tena kuogeshwa na mtu mwingine. Shida ni usiku. Mara ya kwanza niliamka nikamkuta amesimama kwenye korido gizani, uso ameuelekeza kwenye mlango wa saloni, hatikisiki. Nilimwita, hakuitika. Shemeki wangu alikuwa amelala humo saloni, hakusikia kitu. Baadaye kisu cha nyama kikapotea jikoni. Nilikikuta chini ya godoro la binti. Halafu ikaja asubuhi ambayo sitaisahau: kitanda cha mtoto wangu kitupu. Nilikimbilia nyuma, nikakuta chumba cha binti kimefungwa kwa ndani, na mlango ameuzuia kwa benchi. Niligonga mpaka mkono ukavimba. Alipofungua, mtoto alikuwa kitandani mwake, amefunikwa vizuri, amelala. Nilimuuliza kwa nini, akatazama chini. Amerudia tena na tena, na kila mara ni wakati baba watoto yuko Minova kwa biashara yake ya maharagwe. Naona anasubiri mume wangu aondoke. Bahati nzuri siku hizo shemeki, mdogo wa mume wangu, huja kulala kwetu kutulinda. Usiku mmoja tu mvua kubwa ilimzuia. Niliogopa sana kubaki peke yangu na yule binti, lakini cha ajabu siku hiyo alilala mpaka jua likatoka, nikamwamsha mimi.

Kuna mengine. Anaficha maharagwe yaliyopikwa ndani ya mfuko mpaka yanaota ukungu. Anamwita mtoto wangu jina lisilo lake. Juzi alimwambia jirani kwamba kwao ni Mweso. Kijana wangu mkubwa ametazama filamu ya yatima aliyepokelewa na familia akawaua mmoja mmoja, na sasa anafunga chumba chake kwa kadenasi. Mama mkwe anasema huyu ni mchawi, anataka tumpeleke kwenye chumba cha maombi afunge siku tatu bila chakula wala maji. Mume wangu anasema nina wivu wa bure.

Mama, nimfukuze? Au ni mimi ninayeanza kupoteza akili?

Mama wa watoto watatu, Katoyi

Jibu

Mwanangu, akili yako ni nzima kabisa. Umeona kila kitu na umekiandika sawasawa, hata vile ambavyo hukuvipa uzito.

Nimeisoma barua yako kalamu mkononi, kama nilivyokuwa nikisoma fishi za wagonjwa miaka ile ya uuguzi. Upande mmoja nikaandika uliyoyaona, upande wa pili uliyoyadhani. Amesimama kwenye korido: umeona. Anasubiri mume wako aondoke: umedhani. Kisu kiko chini ya godoro: umeona. Kwamba kisu hicho ni cha kuwachinja ninyi, hukuandika, lakini nimekisikia katika kila mstari, na nadhani ile filamu imesaidia. Kisha nikaongeza safu moja zaidi: nani alikuwa amelala nyumbani usiku huo.

Rudia sasa barua yako. Usiku wa korido, shemeki alikuwa saloni, na binti alikuwa ameuelekea mlango huo huo. Siku anazomchukua mtoto na kuzuia mlango kwa benchi ni siku ambazo shemeki analala kwenu. Na usiku pekee ambao mume hayupo na shemeki naye hayupo, binti alilala fofofo. Ulikuwa peke yako naye, mlango wako bila mlinzi. Kama alikuwa akikuwinda wewe, ule ndio ungekuwa usiku wake.

Simhukumu shemeki wako. Yawezekana hajafanya lolote. Kwa msichana aliyepita katika vita vya Masisi, huko Kitshanga iliko, kikohozi cha mwanaume upande wa pili wa mbao kinatosha kumrudisha mahali alikotoroka. Yawezekana pia kuna jambo amefanya, au amejaribu, au amemtazama mtoto kwa namna ambayo binti anaijua kwa sababu alishatazamwa hivyo. Huhitaji kujua lipi ni kweli ili utende leo. Mume akisafiri, shemeki asilale hapo tena. Usimpe maelezo marefu. Usimtaje binti hata kidogo, maana hajasema kitu, na jina lake likiingia kwenye maneno hayo ndiye atakayeumizwa kwanza. Mwambie shemeki tu kwamba baba watoto amepanga vingine, basi. Muombe dada yako, au mama mmoja wa kanisani unayemwamini, aje kulala nanyi, na mtoto wako alale ubavuni mwako. Halafu utazame binti analalaje.

Mume wako lazima ajue, na hapa ndipo ninapokuogopea zaidi, kwa sababu ni damu yake. Ukianza na neno la tuhuma atasimama upande wa mdogo wake kabla hujamaliza sentensi. Msomee usiku mmoja mmoja kama ulivyoniandikia mimi: siku fulani, wewe ulikuwa Minova, nani alikuwa saloni, nini kilitokea. Usiku wa mvua uuweke mwisho. Kisha nyamaza, umwache ahesabu mwenyewe.

Kisu usimnyang'anye kimyakimya. Atatafuta kingine, na safari hii hutajua kiko wapi. Nunua komeo imara, ulifunge mlangoni mwake upande wa ndani, umwonyeshe linavyofanya kazi. Ndipo umwambie kwamba kisu cha nyama kinarudi jikoni kwa sababu sasa komeo lipo, na kwamba mtoto analala kwa mama yake.

Kuzungumza naye, usimwite saloni ukamkalisha kama mbele ya polisi. Chambueni maharagwe pamoja, macho yenu yakiwa kwenye ungo, umwambie: "Nimeona kuna usiku hulali. Sikasiriki. Ni usiku gani unaogopa?" Huenda atanyamaza siku hiyo na siku nyingine. Mwache. Maneno "shemeki alikugusa?" usiyatamke, si kwake, wala si kwa mtoto wako wa miaka 4. Mtoto mdogo akipewa neno katika swali atakurudishia neno hilo hilo, na baadaye hakuna atakayejua kama lilikuwa lake. Muulize tu, mnapooga: "Usiku mnafanyaje huko kwa dada?" Umsikilize.

Yeyote kati yao akikuambia jambo la kuguswa au kubakwa, nenda hospitali siku hiyo hiyo, wala usifue nguo. Hapa Goma, HEAL Africa imewatibu wanawake na wasichana wa namna hiyo kwa miaka mingi. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI inafaa ianzwe ndani ya saa 72, na ya kuzuia mimba ndani ya saa 120. Saa hizo zikiwa zimeshapita, nenda hata hivyo. Kuna vidonda na magonjwa ya kutibiwa, na kuna watu waliofundishwa kumsikiliza.

Hayo mengine yaliyokutia hofu nitayapitia haraka, maana nimeyaona mara nyingi mno. Tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipokata mji katikati, mama yangu alipokea watu nyumbani kwetu Himbi. Mmoja wao, mama mzima mwenye heshima zake, aliendelea kuficha sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, ndani ya blanketi muda mrefu baada ya sisi wote kula na kushiba. Binti wako mpe kopo lake lenye kifuniko, tia karanga na biskuti, umwambie ni lake na halitaguswa. Maharagwe yataacha kuoza.

Kitshanga na Mweso vyote viko Masisi, kwenye barabara moja. Watu wa huko wamepita vizuizi vingi ambapo jibu la "unatoka wapi?" liliweza kumaliza uhai. Wamejifunza kujibu wakimwangalia anayeuliza. Uongo wa namna hiyo si wa kuibia mtu.

Jina analomwita mtoto wako ndilo ningependa sana kulijua. Naamini ni la mtu, pengine mdogo wake. Na neno "wamekufa" katika kinywa cha mtoto aliyekimbia usiku mara nyingine maana yake ni "sijawaona tena". Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, UNICEF ilieleza kwamba watoto zaidi ya 150 walitenganishwa na familia zao katika kukimbia tu, watu wakielekea Sake na Gisenyi. Vita hufanya hivyo kila wiki. Msalaba Mwekundu wa Kongo pamoja na CICR, yaani Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, hutafuta ndugu waliopotezana, bila malipo. Akiwa tayari, mpeleke aandikishwe, na majina yote mawili ya vijiji yaandikwe.

Kwa mama mkwe sitazunguka. Chumba cha maombi, hapana. Siku tatu bila maji zinaweza kumuua mtoto, na kwa sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na anayemshutumu mtoto kwa uchawi anaweza kufungwa mwaka 1 hadi 3, pamoja na faini. Mwambie kwa heshima, piga magoti ikibidi, lakini mwambie. Mimi ni mtu wa sala na nasema hivi nikiwa na uchungu: nimewafunga vidonda wasichana waliotoka katika vyumba hivyo, na majeraha yao hayakutokana na pepo. Mchungaji akitaka kumwombea, aje kumwombea kwenu, mchana, baada ya kula.

Halafu kuna ugonjwa wenyewe, ambao haupaswi kufunikwa na haya yote. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2019 kwamba katika sehemu zenye vita mtu 1 kati ya 5 hivi anaishi na tatizo la afya ya akili. Kutolala, kushtuka, kusimama mahali bila kusikia ukiitwa: yakiendelea zaidi ya mwezi, ni kazi ya mganga wa hospitali. Goma tuna kituo cha afya ya akili cha Tulizo Letu, cha watawa wa Frères de la Charité. Wenzetu wa Bukavu wana kituo kama hicho, SOSAME. Usisubiri mwezi uishe ukiona anasikia sauti zinazomwamuru, anazungumza juu ya kujiua, anamwelekezea mtu kisu, anamuumiza mtoto, au anaanguka na kukakamaa mwili. Hapo nenda naye siku hiyo hiyo, na watoto wako wawe mbali naye mpaka atazamwe. Namtetea binti huyu, lakini sikuambii ufumbe macho. Mtu aliyeumizwa anaweza kuumiza pia, na wewe una watoto watatu.

Jambo ambalo lingefaa kufanyika tangu siku ya kwanza: kumjulisha shefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa wenu, na asistan sosiale, yaani mtu wa ustawi wa jamii, kwamba binti yuko kwenu, nani alimleta, na lini. Fanya wiki hii. Inamlinda yeye, inawalinda ninyi, na inamnyima nguvu yeyote anayefikiri kwamba msichana asiye na mtu hakuna atakayemuulizia.

Na kama, baada ya haya yote, utaona huwezi kuendelea naye, sitakulaumu. Umeshamlisha na kumlaza wakati wengine walifunga milango. Lakini aondoke mchana, mkononi mwa mtu anayejulikana, kupitia huyo asistan sosiale, na yeye mwenyewe akiwa ameelezwa aendako. Usimtoe usiku baada ya ugomvi. Usimkabidhi kwa shemeki ampeleke popote.

Kijana wako mkubwa naye umkalishe. Ana umri wa kuelewa kwamba dada huyu alibeba mtoto wenu na kumfungia mlango kwa sababu aliogopa kitu, na kwamba kazi ya kujua ni kitu gani ni ya watu wazima. Akitaka kuacha kadenasi yake mlangoni kwa sasa, mwache.

Niandikie baada ya safari ijayo ya mume wako, unieleze usiku ulikwendaje. Sitachapisha barua hiyo. Na ukilipata lile jina, liandike pamoja na umri anaoukumbuka, mahali walipoonana mwisho, na jina la babake. Ndiyo maswali atakayoulizwa na Msalaba Mwekundu, na ni afadhali ayasikie kwanza kutoka kwako.