Mfumo wa hospitali ubadilike, faili la mgonjwa libaki

Maswali ya safari hii yametoka Tanga mjini na wilaya jirani. Yote yanahusu kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta, na jukwaa huria ambamo programu za watengenezaji tofauti zinaweza kuingia na kutoka.

Mapokezi wana programu yao, maabara yao, dirisha la dawa yao. Mgonjwa mmoja anaandikwa mara tatu. Jukwaa huria litatusaidia nini? (Muuguzi, Pangani)

Litawapunguzia kuandika upya, mradi taarifa za msingi zikae mahali pamoja na kila programu izisome hapo. Mwaka 2009 madaktari wawili wa Boston, Kenneth Mandl na Isaac Kohane, waliandika katika New England Journal of Medicine wakitolea mfano iPhone: programu isiyokufaa unaifuta na kuweka nyingine, simu ni ileile. Mwaka uliofuata serikali ya Marekani ikatoa dola milioni 15 za kujenga jukwaa la namna hiyo kwa taarifa za afya, na kazi hiyo ikaitwa SMART. Ila jukwaa haliponyi uzembe, ndugu yangu. Mwanaidi akiandikwa "Mwanahidi" dirisha la pili, tayari ni wagonjwa wawili.

Nataka kutengeneza programu ya chati ya ukuaji wa mtoto. Nianzie wapi? (Kijana wa kompyuta, Ngamiani)

Kabla ya rangi na vitufe, jifunze FHIR, utaratibu wa kubadilishana taarifa za afya ulioasisiwa na Mwaustralia Grahame Grieve mwaka 2011 na kusimamiwa na shirika la HL7. Humo mgonjwa ni kifurushi kimoja, kipimo kingine, dawa aliyoandikiwa kingine. Programu yako haina haja ya kujua hospitali imepangaje majedwali yake. Inaomba tu vipimo vya mtoto fulani vyenye msimbo wa LOINC (orodha ya kimataifa ya misimbo ya vipimo) 29463-7, ambao ni uzito, na 8302-2, ambao ni urefu. Hospitali ya Korogwe ikijibu kwa utaratibu uleule, huandiki programu upya. Hapo ndipo penye kazi, na ndipo vijana wengi wanaporuka, kwa kuwa kupanga misimbo kunachosha na hakuonekani siku ya kumwonyesha mganga mkuu.

Mikondo ya ukuaji chukua ile ya Shirika la Afya Duniani ya 2006, kwa watoto chini ya miaka 5. Angalia sana vizio: ukisoma gramu 3200 kana kwamba ni kilo, umemzaa tembo. Na usijaribie kwa watoto wa watu. Synthea, programu huria, itakutengenezea wagonjwa wa kubuni bure.

Aliyetuuzia mfumo hapokei simu tena. Tufanyeje? (Mfamasia, Muheza)

Leo hii, kabla kompyuta haijaharibika, mtafuteni fundi atoe nakala kamili ya hifadhidata. Mkataba ujao useme wazi kwamba taarifa ni za kituo, na kwamba mtazitoa zote kwa muundo unaosomeka na mfumo mwingine bila kumlipa mtu. Pasipo kipengele hicho mimi nisingesaini, hata kama programu ni ya bure. Mkitaka programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa, itazameni OpenMRS, iliyoanza 2004 na ambayo mizizi yake iko Eldoret, Kenya.

Programu zikiwa nyingi, si kila mtu atajua maradhi yangu? (Mama, Makorora)

Hofu yako ni ya haki, mama. Katika SMART programu haikabidhiwi faili zima. Inaomba ruhusa kwa sehemu: programu ya chati ya ukuaji isome uzito na urefu, isiguse majibu ya maabara. Ruhusa hiyo ina muda na inaweza kufutwa. Tatizo ni pale hospitali inapokubali kila kinachoombwa ili kumaliza haraka, au wafanyakazi wanapotumia nywila moja wote. Kisheria, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Una haki ya kuuliza nani amefungua faili lako, na mfumo mzuri unaweka kumbukumbu ya hilo.

Intaneti ikikatika? (Mhudumu wa zahanati, Pongwe)

Seva ikiwa ndani ya kituo, kompyuta zinaendelea kuongea nayo kwa mtandao wa ndani hata bando likiisha. Kinachosubiri ni kutuma taarifa nje. Umeme ndio mtihani: nunueni betri ya akiba kwanza, programu ya tano baadaye.