Kutangaza vita kwenye Civilization VI bila kujiharibia jina

Vijana wengi hapa Unguja wanaoanza Civilization VI, mchezo wa kompyuta wa kujenga taifa zamu kwa zamu ukishindana na watawala wengine, nawasikia wakilalamikia jambo lile lile. Wamevamia jirani mmoja tu, tena dhaifu, na mara dunia nzima imewageuka. Aliyekuwa akiwauzia chuma hauzi tena, rafiki wa jana hataki kurefusha urafiki, na hata mtawala wa bara jingine, ambaye hawajawahi kugusa shamba lake, anawashutumu hadharani. Wanadhani kompyuta inawaonea. Haiwaonei. Inahesabu, na hesabu yenyewe mtu anaweza kuijua na kuitumia. Kwa hiyo wadogo zangu, kabla hamjapeleka jeshi popote, someni hili.

Nazungumzia mchezo wenye nyongeza ya Gathering Storm, iliyotoka Februari 2019. Anayecheza ule wa mwanzo wa 2016 bila nyongeza atakuta utaratibu mwingine wa adhabu, ingawa busara ya kushutumu kwanza na kupiga baadaye ni ile ile.

Kati yako na kila mtawala pana hesabu moja ya kinyongo. Si mbili, ni moja. Ichukulie kama daftari la deni la duka la mtaani: ukimkosea, deni linakuwa kwako; akikukosea, lako linafutwa kwanza, na likizidi linahamia kwake. Ukimvamia ghafla bila taarifa, unampa kinyongo 150 juu yako. Ukitangaza vita rasmi, unampa 100. Hiyo tofauti ya 50 unaipata kwa kusubiri tu. Unafungua ukurasa wa mtawala huyo, unamshutumu hadharani, unangoja zamu 5, ndipo mlango wa vita rasmi unafunguka. Zamu 5 ni muda ambao ungeutumia kupanga jeshi lako hata hivyo. Sioni kwa nini mtu aanze kwa uvamizi wa ghafla, isipokuwa amebanwa khasa.

Lakini wanaojua mchezo huu hawaishii hapo, na hili ndilo ninalotaka mlishike. Kazi kubwa hufanyika kabla ya kushutumu. Kazi hiyo ni kumfanya jirani awe na deni kwako.

Tuseme jirani anakujazia wamisionari na miji yako inaanza kubadilika dini. Usikasirike ukapiga. Mwombe aache. Akikubali, ameweka ahadi, na akiivunja deni linaandikwa kwake. Vivyo hivyo ukimkamata jasusi wake, au akija kujenga mji chini ya pua yako: omba ahadi, kisha kaa umtazame. Chukua mfano kwamba kwa mambo kama hayo amefikia deni la 60. Ukitangaza vita rasmi ya 100, kinachobaki juu yako ni 40. Mwenzako aliyevamia ghafla, bila kudai chochote kabla, anaanza vita akiwa na 150 kamili. Watawala wengine wanaangalia kile kilichobaki. Anayebakiwa na 40 atanuniwa kidogo, kisha amani ikirudi kinyongo kinapungua zamu hadi zamu. Mwenye 150, akiongeza na miji atakayoiteka, anaweza kumaliza mchezo hana wa kumuuzia hata farasi.

Na wewe pia ahadi zako zinahesabiwa. Ukirundika askari mpakani mapema, jirani atakuuliza wanafanya nini. Ukimjibu kwamba utawaondoa, kisha ukampiga, umevunja ahadi na deni linaongezeka. Kwa hiyo waweke askari ndani kabisa ya nchi yako, karibu na barabara, au meli zako mbali na pwani yake, na uanze kuwasogeza zamu za mwisho za kungoja. Urafiki nao hudumu zamu 30, na humo ndani huwezi kumpiga wala kumshutumu. Mtawala unayemkusudia, usirefushe urafiki naye. Uache uishe wenyewe.

Zipo sababu za vita zenye bei nafuu kuliko vita rasmi. Kurudisha mji wako ulionyang'anywa, kukomboa mji wa rafiki, au kuutetea mji-dola (mji mdogo unaojitawala peke yake) ulio chini ya ulezi wako, kutangaza vita vya namna hiyo hakukugharimu kinyongo. Vita vya dini ni nusu ya vita rasmi. Kila mara soma orodha yote ya aina za vita kabla hujabonyeza, maana sababu nzuri inaweza kuwa imefunguka bila wewe kujua. Nimewaona watu wakilipa 100 wakati vita ya bure ipo mstari wa chini yake.

Sisi wa hapa tuna mfano wetu, na ni mchungu. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti 1896, na Khalid bin Barghash akaingia kasri bila idhini ya Waingereza. Waingereza hawakumpiga siku ile ile. Walishika mkataba uliowapa haki ya kuridhia sultani mpya, wakatoa onyo lenye muda maalumu: saa tatu asubuhi ya tarehe 27. Muda ulipopita ndipo mizinga ya meli ikaanza, na kwa kiasi cha dakika 40 mambo yakawa yamekwisha, huku mamia ya watu wa upande wa Zanzibar wakiwa wameuawa au kujeruhiwa. Wajerumani walimpa Khalid hifadhi kwenye ubalozi wao mdogo, lakini hawakumpigania. Simtaji Mwingereza kwa kumsifu. Namtaja kwa sababu alitanguliza mkataba na onyo, na mataifa mengine hayakuingilia. Watawala wa kwenye mchezo wanatazama mambo hayo hayo.

Vita ikishaanza, kila mji unaouteka unaongeza kinyongo, na kuuteketeza ni kubaya zaidi. Amua tangu mwanzo unataka miji mingapi, uishie hapo. Miji-dola iacheni, jamani. Ukiuteka mmoja, wenzako wanaweza kuitwa kwenye dharura ya kuukomboa, ukajikuta unapigana na watu ambao hukuwapangia. Anayetafuta ushindi wa kidiplomasia awe mwangalifu zaidi, kwa sababu kushika makao makuu ya mwenzio kunakukata fadhila za kupigia kura kwenye mkutano wa dunia.

Kuna hila moja inayofundishwa sana: kukopa dhahabu nyingi kwa ahadi ya kulipa kidogo kidogo kila zamu, kisha kutangaza vita ili mkataba ufutike. Inafanya kazi kwa kompyuta. Mimi siikubali, na khasa mkicheza watu kwa watu, mnapokezana kompyuta moja sebuleni baada ya skuli. Binadamu hana hesabu inayopungua kila zamu. Ukimdhulumu leo, wiki ijayo atakuzingira tangu zama za mawe na wenzake watamsaidia. Mkicheza hivyo, sema sababu yako kwa sauti kabla ya kupiga: "Ulinijengea mji mtoni, nikakuomba, ukakataa." Wengine mezani wakilisikia hilo, mara nyingi hawaingilii.

Mwisho wa vita usikimbilie kudai kila kitu. Ukiteka mji ambao adui alimpora mtu wa tatu, mrudishie mwenyewe. Hilo linapunguza kinyongo na linakupa mtu wa kukusemea. Amani ikisainiwa hamuwezi kupigana tena kwa zamu 10. Tumia muda huo kutuma wajumbe na kufungua biashara na wale walionuna, ukianza na wa karibu na mipaka yako.