Maswali ya wasomaji: umeumia kazini, nani analipa?

Safari hii meseji nyingi zimekuja za mambo ya fidia, nimechukua chache na zile zinazofanana nimezijibu kwa mkupuo. Viwango na muda wa kudai kila nchi ina vyake, kwahiyo hapa naongelea msingi tu, ambao karibu kila mahali ni uleule.

Swali: Habari kaka, mimi ni fundi wa kuchomelea. Nilikuwa nakata bomba, diski ya grinda ikapasuka ikanikata kidole cha shahada, kimeondoka chote. Kweli ile kava ya grinda nilikuwa nimeitoa maana inabana ukikata kwenye kona. Bosi anasema huo ni uzembe wangu na bima hailipi mtu mzembe. Ni kweli?

Jibu: Pole sana ndugu yangu. Bosi wako ama anakutisha ama na yeye hajui, maana bima hii ya ajali kazini ilianzishwa ili hiyo hoja ya "kosa lako" isiwepo kabisa.

Zamani mtu akiumia kazini ilibidi aende mahakamani athibitishe kwamba mwajiri ndo mwenye kosa, na mwajiri alikuwa na ngao zake tatu anazijua vizuri: ulichangia mwenyewe, aliyekuumiza ni mfanyakazi mwenzako siyo mimi, na hatari ya kazi hii uliijua ukaikubali. Akikosea kwa hii anakupata kwa ile. Watu walikuwa wanatoka pale na ulemavu wao na mikono mitupu. Ujerumani ndo ikaubadilisha huo utaratibu mwaka 1884 enzi za kansela wao Bismarck, Uingereza ikatunga ya kwake 1897, Marekani yakaingia majimbo moja moja mpaka Mississippi iliyokuwa ya mwisho mwaka 1948. Na makubaliano yalikuwa hivi, mfanyakazi analipwa bila kuulizwa nani kakosea, ila na yeye kwa kawaida hawezi tena kumshtaki mwajiri wake adai fidia kubwa ya mahakamani. Kila upande umeachia kitu.

Kwahiyo swali linaloulizwa ni moja tu, je uliumia ukiwa kwenye kazi na kwa sababu ya kazi? Wewe ulikuwa unakata bomba la kazi, imeisha hiyo. Kava inaweza kukuletea barua ya onyo ofisini lakini kwenye fidia mara nyingi haina nguvu hiyo anayosema. Yanayoweza kukunyima ni mambo mazito, umejiumiza makusudi, ulikuwa umelewa, au umevunja usalama kwa makusudi kabisa ukijua unachofanya. Na hata hapo, sheria ya Uingereza ya 1906 ilishasema kama mtu amekufa au amepata ulemavu mkubwa wa kudumu, utovu wake usiwe sababu ya kumnyima, na sheria nyingi zilizokuja baadaye zimefuata njia hiyohiyo.

Sasa kinachonitia wasiwasi kwako siyo kava, ni kwamba kwenye meseji yako yote hakuna mahali umesema umeripoti. Madai mengi yanafia hapa! Mtu anaumia, bosi anamwambia nenda hospitali tutamalizana, anaenda, daktari anamuuliza umeumiaje anajibu "nimejikata", na faili linaandikwa hivyohivyo bila neno kazi ndani yake, miezi mitatu baadaye kampuni ya bima inalisoma faili na kusema huyu aliumia kwake. Andika leo, hata kwa meseji ya simu, mtumie supavaiza na watu wa utumishi, usiweke lawama wala maelezo marefu: tarehe, saa, nilikuwa nakata bomba gani, diski ikapasuka, imekata kidole cha shahada mkono huu, waliokuwepo ni fulani na fulani. Piga picha ya diski kama haijatupwa. Halafu rudi kwa daktari umuombe aandike kwamba ajali ilitokea kazini.

Swali: Naomba kujua, mume wangu kavunjika mguu saiti, atalipwa nini hasa? Na kwanini mwezi wa kwanza pesa imekuja pungufu?

Jibu: Kuna matibabu, haya yanalipwa kuanzia siku ya kwanza, pamoja na dawa, nauli za kwenda kliniki kwa sheria nyingi, na vifaa kama magongo. Halafu kuna pesa ya muda ambao hawezi kufanya kazi, na hiyo ndo iliyokushtua, maana haiwi mshahara mzima. Mkataba namba 121 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1964 unataka isipungue asilimia 60 ya kipato kwa mfanyakazi mwenye mke na watoto wawili, na majimbo mengi ya Marekani yanalipa theluthi mbili, tena na kikomo juu yake. Yaani kama alikuwa anapata 900 usitegemee zaidi ya 600. Juu ya hapo zipo zile siku za kusubiri, sehemu nyingine 3 na nyingine mpaka 7, ambazo hazilipwi kwanza, ila akikaa nje ya kazi muda mrefu wengi wanazirudisha. Uliza hilo kwa maandishi.

Mguu ukipona ukabaki na kasoro, daktari anapima asilimia ya ulemavu wa kudumu na hesabu inaanza upya. Baadhi ya nchi zina jedwali kabisa la viungo, la Uingereza kwa mfano linahesabu gumba zima asilimia 30 na kidole cha shahada 14 (fundi wa grinda na wewe sikia hapo). Asilimia ndogo mara nyingi inalipwa kwa mkupuo, kubwa inakuwa pensheni. Usikubali apimwe mapema kabla jeraha halijatulia, na asisaini karatasi ya "nimelipwa yote" wakati bado anachechemea.

Kuna kitu hawalipi ambacho watu wengi wanakisubiri, nacho ni maumivu yenyewe. Usiku wa kulia na mguu, aibu ya kusaidiwa kuoga, hayo hayana jedwali. Mi naona siyo haki lakini ndivyo yale makubaliano yalivyo.

Swali: Bosi anatukata kila mwezi anasema ni ya bima ya ajali kazini. Sahihi?

Jibu: Hapana, kwa nchi nyingi. Bima hii analipia mwajiri peke yake, na kiwango chake kinapimwa kwa jumla ya mishahara anayolipa na hatari ya kazi, ndo maana kampuni ya kuezeka mapaa inalipa zaidi kuliko ofisi ya wahasibu. Angalia hati ya mshahara imeandikwa nini, isije ikawa ni mchango wa bima ya afya au pensheni mnachanganya. Kama kweli ni hiyo, ofisi ya kazi wapelekeeni nakala.

Swali: Mimi ni kibarua, sina mkataba, na nimesikia bosi hajakata bima kabisa. Nikiumia ndo basi?

Jibu: Siyo basi. Kukosa karatasi hakukufanyi usiwe mfanyakazi, wanaangalia nani anakupangia saa, nani anatoa vifaa, nani anakulipa. Na mwajiri asiye na bima deni la fidia linabaki kwake mwenyewe, sehemu nyingine hata zile ngao tatu za zamani ananyang'anywa ukimpeleka mahakamani. Wewe tunza ushahidi tu, meseji za kuitwa kazini, malipo ya simu, picha uko saiti.

Swali: Nimekaa kiwandani miaka mingi, sasa masikio hayasikii vizuri. Hakuna siku nilipata ajali, naweza kudai?

Jibu: Unaweza. Magonjwa yatokanayo na kazi yamo humohumo kwenye fidia, kelele, vumbi la mawe, kemikali, na mengine yanachelewa sana, saratani ya asbesto inaweza kutokea hata baada ya miaka 40. Kwa ugonjwa muda wa kudai mara nyingi unahesabiwa tangu ulipoambiwa na daktari, kwahiyo kapime usikivu na uandike historia yako, idara gani, mashine gani, mwaka gani mpaka gani.

Swali: Bado naumwa mgongo ila daktari kasema nirudi kwenye kazi nyepesi. Naweza kukataa?

Jibu: Ukikataa kazi ambayo iko ndani ya mipaka ya daktari wanaweza kukukatia ile pesa ya kila mwezi, kwahiyo usikatae kienyeji. Muombe daktari aandike mipaka yenyewe, kilo ngapi usizidishe, kusimama muda gani, kuinama au la, nakala moja mpe supavaiza na moja baki nayo. Ukifika ukakuta "kazi nyepesi" yenyewe ni kubeba mifuko, waonyeshe karatasi, wakishikilia rudi kwa daktari siku hiyohiyo aandike, usiende tu nyumbani ukazima simu.